Boila ya Baba

Mobile, Alabama
9 Machi 1936

Mama mpendwa,

Nimefika salama. Mjomba Purvis ameniambia nikuandikie kwamba nimeshaanza kunenepa. Usimsadiki. Shangazi anapika mkate wa mahindi mgumu kiasi kwamba mjomba huutumia kuzuia mlango usifunguke na upepo, na shangazi mwenyewe akiwa hapo anacheka. Kazi ya gudini nimeipata. Nakwangua kutu kwenye matumbo ya meli. Jioni nikijifuta uso, kitambaa kinakuwa chekundu kama nimechinja.

Mama, kesi ya Isom ni lini? Baba aliponipandisha treni aliniambia, "Isom ataachiwa. Ni utaratibu wa serikali tu. Wewe kakae kwa mjomba wako mpaka watu wapoe." Tangu nifike nimekuwa nikijiuliza, watu wapoe na nini? Mimi nimemkosea nani?

Wewe sikukuambia, nikuambie sasa. Asubuhi ile kabla boila ya kiwanda chetu cha mbao haijapasuka nilimwona Baba yuko juu yake, ana koleo na waya. Alikuwa anaifunga ile vali ya usalama. Mama, kazi ya vali ile ni moja tu, kufunguka yenyewe mvuke ukizidi. Ukiifunga, umechemsha chungu kilichopigiliwa mfuniko kwa misumari. Isom alikuwa chini anachochea moto. Nilimsikia akisema, "Bwana Lemuel, haitapenda hivyo." Baba akamjibu, "Nani kakuuliza inapenda nini? Chochea." Nami nikamwita, "Baba, hiyo vali?" Akaniambia, "Nenda mtoni kahesabu magogo." Nikaenda. Nilikuwa mtoni niliposikia ikipasuka.

Dewey Tarpley na Cephus Moody wamekufa. Isom amepona kwa sababu alikuwa ametoka kufuata kuni, na hata hivyo mkono wake wote umeungua. Sasa nasikia watu wanasema alilala akaacha maji yakauka. Isom huyu aliyenifundisha kugonga chuma na kutega sikio, nijue maji yamefika wapi!

Nijibu upesi.

Mwanao,
Hollis


Cutler's Bend, Mississippi
20 Machi 1936

Mwanangu Hollis,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikaitia motoni. Usiniandikie tena mambo ya namna hiyo. Bi Eula wa posta ana macho, na mdomo wake unaujua.

Kesi imekwisha. Isom amepewa miaka saba katika shamba la wafungwa la jimbo. Jopo la waamuzi lilitoka na kurudi kabla kahawa ya hakimu haijapoa. Baba yako alisimama, akasema aliyoyasema, akarudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kulisha nguruwe akiwa na suti yake ya kanisani. Sikumuuliza kitu. Alinunua jeneza la Dewey na la Cephus pia, na mjane wa Dewey atakaa katika ile nyumba mpaka atakapotaka mwenyewe kuhama. Sikuambii kwamba baba yako ni malaika. Nimeishi naye, namjua. Nakuambia tu kwamba si mtu wa kuua watu makusudi.

Sasa sikia la heri. Corinne amechumbiwa! Ransom Yancey, mtoto wa daktari, alikuja Jumapili na mama yake. Yule mama alivua glovu moja tu, ile nyingine akabaki nayo, nadhani ili awe tayari kukimbia. Harusi ni Juni. Dada yako amekonda kwa furaha. Unawajua akina Yancey, Hollis. Hawaoi kwenye nyumba inayotajwa mahakamani.

Ulichokiona ulikiona asubuhi, kukiwa na ukungu, nawe uko mbali. Hebu jiulize kama kweli ulikiona.

Vaa fulana ya ndani. Upepo wa bahari ni wa hila.

Mama yako,
Ardelle


Mobile
11 Aprili 1936

Baba,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nitasema moja kwa moja, maana wewe hupendi maneno marefu.

Nilikuona na waya. Unajua nilikuona, kwa sababu ulinigeukia. Isom hakulala. Maji yalikuwepo. Wewe uliifunga vali kwa sababu oda ya mbao za reli ilikuwa imechelewa na msumeno mkubwa ulikuwa unakosa nguvu. Labda ulidhani ni kwa asubuhi ile tu. Nasema labda, kwa sababu nataka iwe hivyo.

Baba, nilipougua dondakoo nikiwa mdogo, ulizima boila hiyohiyo wiki nzima ili makelele yasinisumbue. Mama aliniambia wanunuzi walikuja wakapiga mlango wakatukana, na wewe umeketi kando ya kitanda changu unanikamulia kitambaa cha maji. Ndiyo maana siandiki barua hii kwa adui. Naiandika kwa mtu yule aliyezima boila.

Mwambie mwendesha mashtaka kwamba ulikosea. Hawatakunyonga. Kwa mtu kama wewe watasema ni ajali, na pengine ilikuwa ajali. Kwa Isom hawasemi hivyo. Usiposema wewe, nitasema mimi. Sitaki kusema mimi.

Mwanao,
Hollis


Cutler's Bend
18 Aprili 1936

Hollis,

Nimepata barua yako.

Unaandika vizuri. Ada ya shule haikupotea.

Nikuulize. Ulikula nini ukakua? Shati la shule lilishonwa na nini? Mvuke. Kila kijiko ulichotia kinywani kilitoka kwenye ile boila. Hukuniuliza hata siku moja vali iko vipi.

Kiwanda kinafanya kazi tena. Nimenunua boila nyingine, nzima. Familia zaidi ya thelathini zinakula hapa, za weupe na za weusi. Ukinipeleka mimi jela, kesho yake benki inafunga lango, na watu wote hao wanatoka na vyungu vyao kichwani. Isom ni mchochea moto mmoja. Tena ana mgongo wa kazi. Atavumilia.

Unasema utasema wewe. Sawa. Uje usimame mbele ya watu wanaokujua, uapie Biblia, uninyooshee kidole. Sitakukataza. Nitakuwa nimeketi mstari wa mbele, ili usipate shida ya kunitafuta.

Dewey Tarpley alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa na kaptula. Usinifundishe nani amekufa.

Baba yako,
L. Strickland


Mobile
28 Juni 1936

Mama mpendwa,

Picha ya harusi imefika. Corinne amependeza, na Baba ameshika kofia yake kama mtu aliyebeba yai. Nimeitazama mpaka shangazi akaniuliza kama kuna mtu ndani nisiyemjua.

Nimesubiri harusi kama ulivyotaka. Hata kuja sikuja, kwa kuogopa kwamba nikimwona Baba akicheza na Corinne sitaweza tena. Sasa imepita. Isom yuko ndani tangu Machi, na hapa gudini yupo mtu aliyewahi kufungwa kule. Jina lake Pruett. Nilimuuliza kukoje. Akaniambia, "Wakati wa baridi unatamani joto. Wakati wa joto unatamani kufa." Kisha akarudi kwenye sandwichi yake.

Nakuja wiki ya pili ya Julai. Nitakwenda mjini kwa mwendesha mashtaka, nitaapa, nitasema nilichokiona. Sikufichi kwa sababu sitaki usikie kwa Bi Eula. Kama hutaki nilale nyumbani nitaelewa.

Mwanao,
Hollis


Cutler's Bend
3 Julai 1936

Mwanangu,

Usije. Baba yako ameanguka.

Ilikuwa uwanjani, kwenye rundo la mbao za msonobari. Walimleta juu ya ubao kama maiti. Upande wa kushoto haukuwa na nguvu, na mdomo umekwenda pembeni. Daktari Yancey amekuja kila siku, sasa ni mkwe wetu hatozi kitu. Amenishika mkono akaniambia, "Ardelle, huyu asipate habari yoyote ya kumshtua. Yoyote."

Unanisikia, Hollis? Ukiingia ofisi ile sasa, utakuwa umemuua kwa mkono wako. Utakuwa umesema ukweli na umezika baba, yote kwa siku moja. Utaweza kula chakula cha jioni siku hiyo?

Sisemi usiseme kabisa. Nasema subiri asimame. Mtu mzima anaweza kubeba aibu. Aliyelala hawezi.

Anakuulizia. Jana alinishika gauni akasema jina lako, ingawa lilitoka nusu.

Mama


Mobile
30 Julai 1936

Mama,

Nitasubiri.

Sitaki ujue nimefikaje kusema hivyo. Nilikuwa nimeshakata tiketi.

Nisalimie Baba, lakini usimsomee barua. Mwambie Mjomba Purvis ananifundisha kuchomelea chuma na kwamba nimeunguza nyusi.

Na Isom je? Kuna mtu yeyote amepata habari zake? Naomba umpelekee mkewe Lutie unga na nyama ya chumvi. Usiseme imetoka kwangu, sema imetoka kanisani. Unajua nyumba yao, ya mwisho kwenye ule mstari wa nyumba za kiwanda, yenye debe la maua mlangoni. Muulize habari za Isom. Uliza vizuri, Mama. Uliza kama mtu anayetaka kujua.

Hollis


Cutler's Bend
12 Agosti 1936

Mwanangu mpendwa,

Baba yako anakaa kitini sasa na jana alimtukana jogoo, kwa hiyo tunamshukuru Mungu. Mdomo unarudi mahali pake. Daktari anasema mpaka Krismasi tusimsumbue.

Unga na nyama nimepeleka mwenyewe. Lutie hajambo. Isom pia hajambo, usijitese. Wamemtoa mashambani kwa sababu ya ule mkono, wamemweka jikoni. Anawapikia askari. Lutie anasema ameanza hata kunenepa, na mkuu wa gereza anapenda maharagwe yake. Unaona? Mungu ana namna yake ya kupunguza uzito wa mambo.

Basi tulia. Fanya kazi. Corinne ana mimba, lakini hatujaitangaza. Utakuwa mjomba.

Nakuombea kila ninapopiga magoti.

Mama yako,
Ardelle


Nyumba ya wageni ya Bi Sudduth,
karibu na mahakama
17 Novemba 1936

Mama,

Niko maili chache tu kutoka kwako na sitafika nyumbani.

Sikuweza kungoja Krismasi. Ulichokiandika kuhusu jiko kilinisaidia kwa muda, nakiri. Nilikuwa nikila nafikiri, naye anakula. Halafu Pruett alinisikia nikimsimulia mtu, akacheka. Akasema, "Mweusi aliyepewa kesi ya kumuua mweupe, wakamweka jikoni karibu na visu? Nani kakudanganya?" Nikaomba ruhusa gudini. Mjomba alinikuta nafunga mfuko. Hakunizuia. Kumbe alikimbilia posta kupiga simu ya maandishi.

Kwa hiyo nilipoingia ofisini kwa mwendesha mashtaka leo asubuhi, Baba alikuwepo. Ameketi karibu na dirisha, kofia iko magotini. Hana fimbo. Mdomo wake uko sawasawa.

Mwendesha mashtaka alinikaribisha kwa sauti ya mtu anayemtuliza farasi. "Kaa, kijana. Baba yako anasema huna raha huko Mobile."

Nikasema, "Nimekuja kuapa juu ya kesi ya Isom Battle. Sina jingine."

Akamtazama Baba. Baba akatazama dirisha.

"Isom Battle alikufa Julai," mwendesha mashtaka akasema. "Hukuambiwa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Hapana, huyo yuko jikoni." Mama, nilisema hivyo. Nilisema mbele ya mwanamume yule, kama mtoto, "Yuko jikoni, anapika maharagwe."

Akafungua jalada akanisomea. Mkono ulioungua ulioza. Walimrudisha kuchimba mitaro kwenye jua naye ana homa, akaanguka mtaroni. Katikati ya Julai. Mimi nimekata tiketi, nimeirudisha, nimekuandikia kwamba nitasubiri, na mtu ninayesubiri kumwokoa yuko chini ya udongo.

Nikamgeukia Baba. "Ulijua?"

Akasema, taratibu sana, "Nilimwambia mama yako akuandikie. Siku ileile nilimwambia."

Niliapa hata hivyo. Nilieleza waya, koleo, maneno ya Isom, maneno ya Baba. Baba hakukatiza. Karani akapiga taipu, nikatia saini, na mwendesha mashtaka akaikunja karatasi akaitia kwenye mtoto wa meza. Nikamuuliza itakuwaje. Akasema, "Aliyezikwa siwezi kumfungulia mlango. Na mtu aliyetoa mbao za kujengea jengo hili siwezi kumshtaki kwa ajili ya maiti asiyekata rufaa. Umetua mzigo wako. Rudi kazini."

Nje, ngazini, Baba alivaa kofia. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

"Nenda ukale," akasema, akashuka, akavuka barabara bila kutazama magari.

Ulinidanganya kwa mkono wako, na mwandiko wako mzuri. Nataka kujua ni kwa nini ulitia na maharagwe.

Hollis


Cutler's Bend
23 Novemba 1936

Hollis,

Unataka kujua. Haya.

Lutie alikuja mlango wa nyuma. Walikuwa wamemletea mumewe katika sanduku la mbao mbichi, na joto lile, na hakuwa na kitu cha kumfunikia. Hakulia. Alisimama pale akasema, "Bi Ardelle, naomba shuka." Nikapanda juu nikafungua kasha, nikachukua ile ya kitani aliyonipa mama yangu nikiolewa. Nikampa. Akaipokea, akaitazama, akanitazama. Nikaona kwamba anajua, na kwamba anajua kuwa najua. Hakusema hata asante. Tangu hapo sijalala usingizi wa mtu.

Baba yako aliniambia nikuandikie. Kweli. Nilichukua kalamu. Nikafikiri, akijua Isom amekufa atakuja hapa na moto, ataunguza nyumba yote, na kwa faida ya nani? Aliyekufa ameshakufa. Nikafikiri, akidhani yuko hai na yuko salama atapoa, na mwisho atasahau, ataoa huko, ataleta watoto wakati wa kiangazi. Maharagwe yalikuja yenyewe. Uongo mkavu usingeuamini. Nakujua, nilikuzaa.

Baba yako alianguka kweli, hilo sikulitunga. Lakini alisimama baada ya siku chache. Sikukuambia.

Sasa utazame ulichopata. Karani wa mahakama amesimulia kwa mkewe, na mkewe kwa mji mzima. Hakuna anayesema Lemuel ni mwongo. Wanasema Hollis Strickland amemuuza baba yake kwa ajili ya mweusi aliyekwisha kufa. Mama Yancey amemkataza Corinne kuja hapa mpaka ajifungue. Jumapili tuliketi peke yetu kwenye benchi linalotosha watu wanane. Baba yako hasemi neno juu yako, jema wala baya. Nguo zako amezikunja mwenyewe akazitia kwenye sanduku, nitazituma Mobile.

Nilikuwa na familia. Niliishika kwa meno. Wewe huna mtoto, hujui.

Usiandike nyumbani. Andika kwa Purvis, yeye ataniambia kama uko hai.

Ardelle Strickland


Mobile
6 Desemba 1936

Kwa Bi Battle,

Naandika kupitia kwa mchungaji wa kanisa lenu kwa kuwa nasikia umehamishwa kwenye ile nyumba na sijui uko wapi.

Mimi ni Hollis, mtoto wa Lemuel Strickland. Nilimwona baba yangu akiifunga vali. Nilikuwepo. Isom hakulala, na maji yalikuwa ya kutosha. Mwezi uliopita nilikwenda nikaapa hivyo mbele ya mwendesha mashtaka. Nilikuwa nimechelewa. Sikujua kuwa mumeo amefariki. Niliambiwa ni mzima, nikaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Sina cha kukupa ila hili, kwamba ipo karatasi yenye saini yangu inayosema mumeo hakuwa na kosa. Haitafanya kazi yoyote. Nilitaka ujue kwamba ipo.

Kama kuna jambo ninaloweza kufanya, lolote, niambie. Kama hutaki kunijibu, nitaelewa pia.

Hollis Strickland


Memphis, Tennessee
24 Januari 1937

Bwana Hollis,

Barua yako imenifuata mpaka huku kwa dada yangu. Naandika mwenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Isom ndiye hakujua kuandika, ndiyo maana wewe hukupata barua kutoka kwake. Angekuandikia.

Umeniita Bi Battle. Nilipoona kwenye bahasha nilidhani ni barua ya serikali. Hakuna mzungu aliyewahi kuniita hivyo, na wewe pia ulikuwa ukiniita Lutie tangu ulipokuwa hufikii kitasa cha mlango wangu. Sikuandiki hivi kukushukuru. Nataka ujue kwamba nimeona.

Karatasi yako hainiambii kitu nisichokijua. Isom aliniambia jioni ileile, nampaka mafuta mkononi. Mstari wetu wote wa nyumba ulijua kabla giza halijaingia. Na alikuona. Aliniambia, "Kijana alikuwepo. Aliuliza. Aliuliza kwa sauti mbele ya baba yake."

Wakili waliyempa alimuuliza mahakamani kama ana shahidi. Isom akamwambia hana. Nilipomwona selo nilimfokea, "Kwa nini hukumtaja?" Akasema, "Nikimtaja, watamleta mbele ya baba yake, ataapa uongo, na uongo ule utamwozea tumboni maisha yake yote. Mwache aje mwenyewe. Atakuja."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Alikuwa anakupenda, sijui kwa nini. Sisi hatukujaliwa watoto, labda ni hilo. Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia, leo kijana amesikiliza boila akajua maji yako wapi bila kutazama kioo cha kipimo. Kana kwamba ni wa kwake.

Kule shamba la wafungwa niliruhusiwa kwenda kumwona mara moja tu. Ilikuwa mwisho wa Juni. Nilipanda basi, nikatembea, nikafika. Walitupa muda mfupi, tumesimama, na askari katikati. Mkono ulikuwa umevimba na harufu yake niliisikia kabla sijamkaribia. Neno la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Kijana amerudi?"

Nikamwambia, "Isom, huyo hatarudi. Huyo ni Strickland."

Akasema, "Humjui."

Nikasema, "Nawajua wote. Nawafulia nguo."

Akakasirika. Tukabishana hapo, Bwana Hollis, juu yako. Yeye anakutetea, na mimi nakukana. Nilipandisha sauti. Sikumuuliza anakula nini. Sikumuuliza kama analala. Nilikuwa nimembebea keki ya viazi vitamu na sikumbuki kama nilimpa au niliisahau kwa askari. Askari akasema muda umekwisha, na Isom akageuka akaenda, bado amekasirika, hakuniangalia. Sikumwona tena mpaka siku ya shuka.

Umesema nikuambie kama kuna jambo unaloweza kufanya. Hakuna. Usitume pesa, nitarudisha. Usije Memphis. Kaburini unaweza kwenda ukitaka, siwezi kukuzuia, lakini wenzetu wa pale hawatakuonyesha ni lipi.

Sikuchukii. Nilijaribu, ni kazi kubwa, na mimi nafua kuanzia asubuhi. Lakini usiku mwingine nasimama pale tena na askari yuko katikati yetu, na Isom ananiambia utakuja, na mimi namwambia huji. Nilikuwa nasema kweli. Ningemwambia uongo, tungeagana vizuri.

Lutie Battle